Gando Si Kigandishi

Kwa miaka mingi majarida ya tiba ya Ulaya na Marekani yamekuwa yakiandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Si kweli, na mzee yeyote wa Newala angeweza kuwasahihisha bila kufungua kamusi. Neno ni la Kimakonde. Kile kiambishi chi- kilichotangulia ni ndugu wa ki- yetu. Lingekuwa la Kiswahili lingetujia kwa sura ya kikungunya. Shina lake limo katika kitenzi kungunyala, yaani kukunjamana, kupindika kama jani lililokaukia juani. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, waliochapisha mwaka 1955 maelezo ya mlipuko wa homa ulioupiga uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953, waliliandika jina hilo kama lilivyotamkwa na wenyeji. R. W. Ross naye akaeleza mwaka 1956 virusi vilivyopatikana katika mlipuko huohuo wa Newala. Toka hapo neno likapanda meli. Leo hutamkwa Réunion, India na Brazil na watu wasiojua Mtwara iko wapi.

Naanza na jina hilo kwa sababu naliona kuwa limetungwa kwa akili. Waliolitunga hawakuwa na darubini. Walimtazama mgonjwa alivyoinama, magoti na viwiko vimekaza, hawezi kujinyosha, wakauita ugonjwa kwa kitendo chake. Ajuaye Kimakonde akilisikia kwa mara ya kwanza tayari amekwisha pata nusu ya dalili. Ndivyo ningependa tuunde istilahi za sayansi katika Kiswahili, na ndivyo, kwa maoni yangu, tusivyofanya mara nyingi. Leo nitachukua mfano mmoja tu, mdogo kama tone la maji chupani, ambao ulinifikia kwa simu.

Mpwa wangu anajifunza kazi ya maabara mbali na nyumbani. Jioni moja alinipigia.

"Shikamoo mjomba. Seli zimegoma."

"Marahaba, mwanangu. Zimegomea nini?"

Mimi ni mwalimu wa lugha aliyestaafu. Seli niliziacha katika kitabu cha sayansi cha shule ya msingi. Lakini kwetu mjomba haulizwi jambo akajibu kwamba halimhusu. Basi nikamwambia anieleze polepole, kwa Kiswahili, kana kwamba anamweleza mama yake. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Alikuwa akijua kufanya, na kwa Kiingereza alikuwa akijua kutaja, ila kueleza hakuweza. Kila alipofika mahali penye uzito wa jambo alisema, "halafu unatia ile dawa ya kubandulia."

Msomaji aniwie radhi nikieleza kazi yenyewe kwa urefu, kwa kuwa bila hiyo ubishi wangu juu ya maneno utakuwa ubishi wa barazani.

Virusi haviwezi kukua peke yake. Hutaka seli hai za kukaa ndani yake. Virusi kama vya chikungunya hukuzwa na kuhesabiwa mara nyingi katika seli zinazoitwa Vero, ambazo zilianzishwa nchini Japani mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha Chiba, kutokana na figo la nyani mdogo wa jamii ya tumbili. Jina Vero ni la Kiesperanto, lugha iliyobuniwa: limefupishwa kutoka maneno mawili yenye maana ya figo la kijani, na kwa bahati njema lenyewe katika lugha hiyo lina maana ya ukweli. Seli hizi hukaa juu ya sakafu ya chupa bapa ya plastiki, zikilala bega kwa bega mpaka zinajaa. Zikijaa ni sharti zigawanywe katika chupa nyingine, kama miche ya mpunga iliyosongamana kitaluni, ambayo isipohamishwa hudumaa. Ili zigawanywe lazima kwanza ziiachie sakafu, kisha ziachane. Hiyo ndiyo kazi ya ile dawa.

Mpwa wangu alimwaga maji ya lishe ya zamani, akatia dawa, akasubiri. Seli hazikutikisika. Akaongeza dakika. Hazikutikisika. Akaongeza nyingine, na mwishowe zikatoka kwa mapande mapande kama ukoko wa wali, na nyingi zilikuwa zimekufa. Kosa lake, alilokuja kuambiwa baadaye, ni kwamba hakuosha chupa kwa maji ya chumvi kabla ya kutia dawa. Alikuwa amewahi kuambiwa aoshe, lakini alikuwa ameambiwa kama mtoto aambiwavyo apige mswaki: fanya tu. Kwa nini kuosha kubadilishe matokeo kiasi hicho, hakujua. Na neno dawa ya kubandulia halikuweza kumsaidia kujua.

Sasa twende Mikindani. Mtu aliyepita katika nyumba kuukuu za mji ule ameona kuta za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Mvua ikilamba chokaa miaka mingi, jiwe hubaki jiwe, lakini ukuta hauko tena; unaweza kulichomoa jiwe kwa mkono. Seli nazo zina chokaa yao. Ni kalisi, au kalsiamu kama wengi wasemavyo, na jina hilo la kigeni limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chokaa yenyewe. Kati ya seli na seli kuna protini zinazonyoosheana mikono, zinazoitwa kadherini. Kalisi ikiwepo, mikono hiyo hukakamaa na kushikana. Kalisi ikiondolewa, hulegea kama kamba iliyolowa. Protini nyingine, zinazoikamata sakafu ya chupa, nazo hutegemea madini kama hayo, hasa magnesi. Mfano wangu wa ukuta una dosari moja ambayo mpwa wangu aliikamata mara moja: kalisi haigundishi chochote yenyewe, bali huikaza protini ili protini ishike. Nimekubali. Mifano yote ya lugha huchechemea mahali.

Ndani ya ile dawa kuna vitu viwili, wala si kimoja. Cha kwanza ni kemikali ijulikanayo kwa herufi nne, EDTA, ambayo Ferdinand Münz aliieleza mwaka 1935. Kazi yake ni kunasa madini kama kalisi na magnesi na kutoyaachia. Molekuli yake moja huizunguka chembe moja ya kalisi na kuikamata kwa ncha sita kwa pamoja. Kemikali za tabia hii zilipewa jina la jumla mwaka 1920 na wanakemia wawili wa Uingereza, Gilbert Morgan na Harry Drew, na jina walilochagua wakalitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa.

Gando la kaa! Mpwa wangu aliponisomea maelezo hayo nilisimama nikacheka. Huyu ni binti aliyekulia kwenye maingilio ya Ruvuma, ambako mikoko imesimama katika tope na watoto hujua kaa kabla ya kujua herufi. Amewahi kubanwa kidole na kaa, akalia, mjomba wake mwingine akamwambia asivute, kwani gando likivutwa huzidi kukaza. Kisha akapelekwa shule, akapewa neno la Kigiriki lililovaa koti la Kiingereza, akalikariri miaka mitatu bila kujua kwamba ndani yake mna kaa wa kwao.

Cha pili ndani ya dawa ni tripsini. Hiki ni kimeng'enya, mojawapo ya vile vinavyosaga chakula tumboni mwetu. Hutengenezwa na kongosho na kukata protini katika viungo maalumu vya mnyororo wake. Tripsini nyingi ya maabara hutolewa katika kongosho la nguruwe, habari ambayo dada yangu alipoisikia alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama binti anavaa glavu. Aliyeipa jina ni Mjerumani Wilhelm Kühne, mwaka 1876, na jina hilo huhusishwa na neno la Kigiriki la kusugua, kwa kuwa kongosho lilisagwa ili kuipata. Mwaka 1916 Peyton Rous na F. S. Jones walionyesha kwamba tripsini inaweza kutenganisha seli za tishu zikabaki hai. Mwaka 1952 Renato Dulbecco akaitumia kupata tando za seli ambamo virusi viliweza kuhesabiwa kimoja kimoja. Ni mwaka uleule ambao watu wa Newala walikuwa wakijikunja kwa homa isiyojulikana nje ya uwanda wao.

Mtu angedhani kwamba vitu hivi viwili vimewekwa chupa moja ili kila kimoja kivute upande wake. Uhusiano wao ni wa ndani zaidi, na ndio kiini cha makala haya.

Masatoshi Takeichi wa Japani alionyesha mwaka 1977 kwamba mshikamano wa seli unaotegemea kalisi hukingwa na kalisi hiyohiyo dhidi ya tripsini. Kadherini iliyokakamaa kwa kalisi haikatiki kwa urahisi. Meno ya kimeng'enya huteleza juu yake. Kalisi ikinaswa, kadherini hulegea, na hapo ndipo meno hupata mahali pa kuuma. Basi gando si msaidizi wa kimeng'enya kwa maana ya mtu wa pili anayesukuma gari lilelile. Gando ndilo linalofungua mlango, na kimeng'enya ndicho kinachoingia.

Lakini gando halibagui. Tripsini nayo huhitaji kalisi kwa usalama wake: kalisi iliyojipachika mwilini mwake huizuia isijile yenyewe. Ukiinyima kalisi, tripsini huanza kujikata, na nguvu zake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Hivyo gando humfungulia rafiki yake mlango huku likimfupishia maisha. Katika kazi ya dakika chache haidhuru. Mlango unafunguliwa, kazi inafanyika, wote wanaondolewa. Katika kazi ya saa nzima hadithi ni nyingine.

Na kuna vimeng'enya ambavyo gando huviua kazi kabisa. Kolajenasi, inayokata nyuzi ngumu za tishu, haifanyi kazi pasipo kalisi na zinki. Ukiichanganya na EDTA umejifunga mikono kisha unataka kulima. Wanaotoa seli katika ini la panya hufuata njia ya hatua mbili iliyoelezwa na Per Seglen wa Norway katika miaka ya 1970: kwanza hupitisha katika ini maji yasiyo na kalisi ili viungo vya seli vilegee, kisha hupitisha kolajenasi pamoja na kalisi iliyorudishwa. Kitu kilekile hunyimwa asubuhi na kupewa mchana, na mwenye kupanga vibaya hupoteza ini zima.

Turudi kwenye chupa ya mpwa wangu. Maji ya kawaida ya lishe yana kalisi kiasi cha milimoli 1.8 katika lita. Dawa nyingi za kubandulia huwa na EDTA kiasi cha milimoli 0.53 katika lita. Gando moja hunasa kalisi moja. Fanya hesabu hiyo hata kwa vidole: kijiko kimoja cha maji ya zamani kilichobaki chupani kinatosha kujaza magando ya vijiko vitatu na zaidi vya dawa, kabla gando hata moja halijaifikia seli. Juu ya hayo, maji ya lishe huwa na seramu ya ndama, na seramu ina vizuizi vinavyoipiga tripsini pingu. Kwa hiyo pasipo kuosha, magando yameshiba na meno yamefungwa. Seli zilikuwa hazijagoma hata kidogo. Dawa ndiyo iliyokuwa imekwisha kazi kabla ya kuanza.

Na ndiyo sababu kazi ikimalizika hurudishwa maji ya lishe yaliyojaa seramu na kalisi: kile kilichokuwa adui mwanzoni huwa mwokozi mwishoni. Seli zikiachwa mikononi mwa tripsini kupita kiasi hukatwa protini za juu ya ngozi yake, baadhi zikiwa ni zile ambazo mtafiti anazihitaji, na mwishowe hufa.

Nilipoyaelewa haya nilimwuliza mpwa wangu swali la mwalimu: katika maneno matatu "dawa ya kubandulia", ni neno lipi linalokuambia uoshe? Akasema hakuna. Neno lipi linalokuambia kwamba kuna wawili ndani? Hakuna. Neno lipi linalokuonya usizidishe muda? Hakuna. Kubandua hutaja matokeo. Anayekwangua seli kwa kijiti cha plastiki naye anabandua. Tena kubandua ni kutoa kitu palipobandikwa, yaani sakafuni, lakini seli lazima pia ziachane zenyewe kwa zenyewe, na hilo ni tendo jingine lenye kitenzi chake. Lugha yetu ina utajiri wa kutisha katika matendo haya: kubandua, kubambua, kuchomoa, kung'oa, kukwangua, kutenganisha, kuachanisha. Mvuvi wa Msimbati hatasema amebandua chaza kama alimchomoa. Kwa nini mwanasayansi wetu aridhike na kitenzi kimoja kwa yote?

Lililonichoma zaidi ni hili. Nilionyeshwa kijitabu cha mafunzo, ambacho sitakitaja, kilichojaribu kwa nia njema kuipa EDTA na jamaa zake jina la Kiswahili. Mwandishi alikuwa amesoma kwamba asili ya jina ni gando. Akatafuta kitenzi cha gando, akakiona ganda jirani, akaunda kigandishi.

Ndugu msomaji, hebu litamke neno hilo mbele ya muuza maziwa. Kigandishi ni kinachogandisha. Maziwa mgando, damu iliyoganda, mafuta yaliyoganda. Gando na ganda ni majirani wa sauti, lakini katika kazi hii wanatazamana kama maadui. Kila aliyewahi kupimwa damu hospitalini ameona kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake mna EDTA, na imewekwa humo ili damu isigande, kwa kuwa damu haiwezi kuganda bila kalisi, nayo kalisi imenaswa. Vipo vichupa vingine vyenye kemikali ya kuharakisha damu kuganda. Sasa mfikirie kijana katika zahanati iliyo mbali na mji, anayesoma maelekezo ya Kiswahili yanayomtaka atumie "kichupa chenye kigandishi". Atachukua kipi? Akikosea, damu iliyotakiwa kubaki majimaji itaganda, kipimo kitaharibika, na mtoto aliyekwisha lia mara moja atachomwa sindano mara ya pili. Na kwenye chupa ya seli upotofu ni uleule, maana kuganda na kugandamana ni kushikana, ilhali kemikali hii huwaachanisha walioshikana. Neno limesema kinyume cha kitu. Heri kimya kuliko neno la namna hiyo.

Mimi napendekeza tuseme gando, basi. Bila ki-, bila -ishi, bila kulivisha joho. Gando ni nomino ya Kiswahili yenye umri wake, inaeleweka pwani yote, na sura yake ndiyo sura ya molekuli inayotenda. Kitenzi chake kiwe kunasa: gando hunasa kalisi, kalisi iliyonaswa, magando yaliyoshiba. Nimeusikia utetezi wa kibano na koleo, maneno mazuri yote mawili, lakini hivyo ni vyombo vinavyoshikwa na mkono wa mtu na kuachia mtu apendapo. Kaa haombi ruhusa ya mtu. Wengine watataka cheleti, mkopo mtupu uliotoholewa. Sina uadui na mikopo. Nusu ya sentensi zangu hapa zinaiishi. Tripsini naiacha kama ilivyo, kwa kuwa ni jina la kitu kimoja mahususi, kama jina la mtu. Lakini cheleti ni jina la tabia, na jina la tabia lisiloonyesha tabia ni kama methali iliyosahauliwa nusu yake.

Kuhusu kimeng'enya nina neno la pembeni. Wengi hulisifu, nami nalisifu, kwani kumeng'enya ni kumegua kidogo kidogo, na ndivyo hasa tripsini ifanyavyo. Ila waliolichagua walitazama tumbo tu. Wapo vimeng'enya vinavyounga na kujenga, vinavyoshona nyuzi za urithi zilizokatika, na hao tumewabatiza wamegaji. Siombi neno libadilishwe. Limekwisha zoeleka, na lile la kimataifa alilolibuni Kühne lina maana ya kilichomo ndani ya hamira, ambayo haina akili zaidi. Najifunza tu kwamba neno linaloeleza kitendo linaweza pia kukifinya kitendo. Hata gando siku moja litapatwa na hilo.

Najua jibu litakaloletwa. Mwanafunzi wa Tanzania husoma sekondari kwa Kiingereza, maelekezo ya chupa ni ya Kiingereza, majarida ni ya Kiingereza. Kuna haja gani ya kuhangaika na gando? Ni jibu zito, na silipuuzi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na miaka yote iliyofuata nimewaona walimu wa sayansi wakiisifu bila kuifungua. Lakini nimemsikia mpwa wangu kwa masikio yangu. Kiingereza chake kilimtosha kutenda. Ulipofika wakati wa kuuliza kwa nini, aliuliza kwa Kiswahili, na Kiswahili kikampa mfuko mtupu. Mtu hujiuliza moyoni kwa lugha aliyoota nayo utotoni. Akikosa maneno humo hafikirii kwa Kiingereza badala yake. Mara nyingi haulizi kabisa, anaosha kwa sababu ameambiwa aoshe, na siku asipokumbuka anaua seli.

Kwa kuwa hapa ni nyumba ya mashairi, sitaficha kwamba nilimtungia ubeti. Si wa kushindania tuzo. Ni ubeti wa kazi, kama nyimbo za kutwangia, ili ulimi ukumbuke mpango wakati akili imechoka:

Osha kwanza maji safi, ya chumvi bila kalisi,
Gando na lishike kafi, linase pasipo kasi,
Kimeng'enya ni mlafi, dakika chache na basi,
Seramu tia upesi, seli zibakie hai.

Mizani imetimia, vina vimekaa, ingawa mshairi mkali atauliza kaa anashikaje kafi. Mpwa wangu hakuuliza hilo. Aliuliza kwa nini nimeandika kana kwamba gando na kimeng'enya hutiwa mmoja baada ya mwingine, ilhali huja katika chupa moja. Nikamjibu kwamba ushairi una ruhusa ya kutenganisha walichochanganya wauza dawa. Akasema wapo kweli wanaotanguliza suuzo la gando peke yake kwa seli zenye ukaidi, kwa hiyo ubeti umenusurika.

Wiki iliyofuata alinitumia picha iliyopigwa kupitia darubini: vitone vya mviringo vikielea, kila kimoja peke yake. Chini yake aliandika, "Mjomba, zimeachana."

Kilichobaki ni kadherini. Yeye anataka tuiite kiunga-chokaa. Mimi nasema alinikosoa mwenyewe kwamba kalisi haigundishi, sasa anawezaje kuirudisha chokaa kwa mlango wa uani? Nimependekeza mshikamkono. Amecheka, akasema litadhaniwa ni chama cha ushirika cha korosho. Mwenye neno bora na alilete. Sisi tunaendelea kubishana kila Jumapili baada ya magharibi, na salio la simu linakwisha.